Kofi la 1979 na Deni la Nyumba Salama

Sheria ya Kulinda dhidi ya Dhuluma za Nyumbani, iliyotiwa saini nchini Kenya mwezi Mei 2015, ilitimiza miaka 10 mwaka 2025, na kumbukizi hiyo inafufua swali ambalo Bunge lilichelewa mno kulifikia: nani amlipie mwanamke aliyepigwa matibabu, wakili na mahali pa kulala usiku anaokimbia nyumba yake?

Mjadala wenyewe ulianza mwaka 1967, Rais Jomo Kenyatta alipounda tume iliyoongozwa na Jaji Spry ili kutafuta njia ya kuziweka pamoja sheria za ndoa za kimila, za Kiislamu, za Kihindu, za Kikristo na za kiserikali. Ripoti yake ilitoka mwaka 1968, lakini matunda yake yalionekana kwanza kwa jirani, kwani Tanzania iliitumia katika kutunga Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo kifungu chake cha 66 kinatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko.

Nairobi mambo yalikwenda kinyume. Mswada uliotokana na ripoti hiyo uliangushwa mwaka 1976, na uliporudishwa mwaka 1979 ulizua mabishano ambayo hadi leo yanasomeka kwa uchungu. Wabunge, karibu wote wanaume, walilalamika kwamba sheria hiyo ilikuwa ya kigeni na ingemnyima mume mamlaka katika nyumba yake. Mmoja wao alifika hadi kudai kwamba kumzaba mke kofi ni desturi ya Kiafrika ya kumfunza adabu. Hoja hiyo ilikuwa dhaifu tangu siku iliposemwa, kwa sababu Bunge la Waafrika ng'ambo ya mpaka lilikuwa limekwisha kuikataa miaka 8 kabla, tena kwa kutumia ripoti iliyoandikwa kwa ajili ya Kenya. Hata hivyo mswada ulizikwa, na hasara yake haikuishia kwenye kifungu kimoja: maadamu taifa lilikuwa bado linabishana kama kipigo ni kosa, hapakuwa na waziri ambaye angesimama kuomba fedha za kuwahudumia waliopigwa.

Pengo hilo lilizibwa na watu binafsi. Chama cha wanawake wanasheria, FIDA, kilichoanzishwa mwaka 1985, kilibeba kesi za wasioweza kumlipa wakili, na mwaka 2001 Hospitali ya Wanawake ya Nairobi ilifungua kituo cha kuwatibu bila malipo manusura wa dhuluma za kijinsia. Huko ndiko huduma hii ilikopata umbo lake nchini Kenya, na ni jambo la kuwapa heshima waliolifanya, ingawa lilikuwa jukumu la serikali.

Sheria ya Makosa ya Ngono ilipitishwa mwaka 2006, na Sheria ya Ndoa ikafuata mwaka 2014. Mwaka huohuo Sheria ya Kulinda Waathiriwa iliunda hazina maalumu, yaani mfuko wa kugharimia msaada kwa waathiriwa, ambao Bunge linaweza kuutengea fedha. Ile ya 2015 iliwapa mahakimu uwezo wa kutoa amri ya ulinzi, ambayo humzuia mdhulumu kumkaribia aliyemdhulumu, ikawataka polisi wamweleze mlalamishi jinsi ya kupata matibabu na makazi ya hifadhi, na ikaruhusu mahakama kuagiza fidia. Lakini afisa anayetakiwa kumwelekeza mama kwenye makazi hawezi kumpeleka mahali ambapo hapajajengwa.

Mwishoni mwa 2024, baada ya polisi kutangaza kwamba wanawake 97 waliuawa katika miezi 3, serikali iliahidi shilingi milioni 100 kwa kampeni ya kukomesha mauaji hayo. Nyumba salama, yaani makazi ya muda ambayo mahali yalipo hufichwa ili mdhulumu asiyafikie, nyingi zinaendeshwa na mashirika na makanisa kwa fedha za wafadhili, na kati ya kaunti 47 zilizo nyingi hazina hata moja inayogharimiwa na umma.