Hati za Forodha katika Njia ya Malaba
Kabla ya mwaka 2014, lori lililobeba shehena ya Uganda kutoka bandari ya Mombasa lilisafiri na bunda la hati, zikiwemo ankara ya muuzaji na tamko la forodha, ambalo wakala alilijaza Mombasa kisha jingine likajazwa upya Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, huku dhamana, yaani ahadi ya kulipa ushuru endapo mzigo ungeuzwa njiani, ikibaki wazi hadi lakiri ya kontena ikaguliwe mpakani. Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 2005 ulileta ushuru wa pamoja bila kuondoa kazi hiyo maradufu, na adha ya kungoja iliwaangukia madereva. Himaya Moja ya Forodha ya Jumuiya hiyo, iliyoanza mwaka 2014, ndiyo iliyogeuza utaratibu, tamko likawa moja, nao ushuru ukalipwa Uganda mzigo ungali Mombasa.