Waimbaji Watatu na Uhai wa Wimbo wa Jukwaani

Makundi ya waimbaji watatu yanayofufua nyimbo za kabareti na za tamthilia za muziki za miaka ya 1930 mara nyingi hupimwa kwa kigezo kimoja: yanakaribia kiasi gani santuri za zamani. Makala haya yanapinga kigezo hicho. Nyimbo hizo zimedumu kwa sababu zilisukwa upya, na kuupanga wimbo katika sauti tatu ni utunzi kamili.

Mfano bora ni "Bei Mir Bist Du Schön". Sholom Secunda aliutungia muziki na Jacob Jacobs maneno, kwa ajili ya tamthilia ya Kiyidi iliyochezwa New York mwaka 1932. Mwaka 1937 haki zake ziliuzwa kwa dola 30 tu. Sammy Cahn na Saul Chaplin wakauandikia maneno ya Kiingereza, na Novemba mwaka huohuo Andrews Sisters, ndugu watatu wa Minneapolis, wakaurekodi katika kampuni ya Decca. Leo tamthilia ile inajulikana na wachache. Wimbo ungali unaimbwa.

Nguvu yake imo katika mpangilio wa sauti. Patty aliongoza, Maxene akaimba juu yake, LaVerne akashika sauti ya chini. Kordi kamili huhitaji angalau noti tatu, na figa moja haliinjiki chungu: mmoja akikosea, kordi nzima huvunjika. Isitoshe, maneno ya mapenzi yaliyokuwa ya wahusika wa mchezo sasa yanatamkwa na watu watatu kwa pumzi moja. Msikilizaji hahitaji tena kujua nani anampenda nani jukwaani. Muziki wenyewe unamtosha.

Andrews Sisters nao walianza kwa kuwaiga Boswell Sisters wa New Orleans, ambao walikuwa hodari wa kubadili mwendo na ufunguo katikati ya wimbo. Lakini hawakuishia kuiga. Waliunyoosha mwendo ukawa wa kuchezeka, wakajipatia sauti yao wenyewe.

Wapo watakaosema uhuru huu humdhulumu mtunzi. Hoja hiyo ina uzito: rekodi ya 1937 iliacha karibu maneno yote ya Kiyidi, naye Secunda alinufaika kidogo mno hadi hakimiliki iliporejea mwaka 1961. Hata hivyo, hasara ya fedha ilitokana na mauzo ya haki, wala haikusababishwa na mpangilio mpya. Dawa yake ni kuwataja watunzi na wapangaji wote katika kila onyesho na kuwalipa wanaostahili.

Basi mhakiki anayesikiliza kundi la namna hii leo aache kuhesabu mfanano. Aulize limegundua nini ndani ya wimbo ambacho waliotangulia hawakukitoa. Kundi lisilo na jibu, hata likiimba bila dosari, linarudia kazi ya wengine.