Ekzosi ya Bodaboda na Miguu Yetu: Rangi ya Kauri Yasaidia, Lakini Kinga ya Bati Kwanza

Simama kwenye stendi yoyote ya bodaboda, kuanzia Likoni hadi Malindi, uangalie miguu ya abiria wanaoshuka. Hutakaa sana kabla ya kuona ile alama: doa jeusi au jekundu, upande wa ndani wa mguu wa kulia, chini ya goti. Ni alama ya ekzosi. Wanayo kina mama, wanayo wanafunzi, na wanayo watoto waliokuwa wakicheza karibu na pikipiki iliyoegeshwa mlangoni. Tumeizoea hadi twaiona kama sehemu ya nauli.

Waendeshaji kadhaa wameniuliza kuhusu rangi ya kauri inayopakwa kwenye ekzosi ili kupunguza joto. Swali lao ni moja: nikipaka, abiria wangu hatachomeka tena? Jibu langu ni kwamba rangi hiyo ina kazi yake na ni kazi nzuri, lakini peke yake haitauokoa mguu wa mtu. Naeleza kwa nini, ili mwenye kutoa pesa yake ajue anachonunua.

Joto latoka wapi

Petroli inapoungua ndani ya silinda, sehemu tu ya nguvu yake ndiyo inayozungusha tairi. Iliyobaki ni joto, na sehemu kubwa ya joto hilo hutoka na moshi. Pikipiki ikibeba mzigo au ikipanda mlima, moshi unaotoka kwenye injini huweza kupita nyuzi 600 za selsiasi. Bomba lililo karibu na kichwa cha injini hulipokea joto hilo kwanza, na uso wake huweza kupita nyuzi 200, hata 300. Salensa ya nyuma huwa na joto dogo kuliko hapo, lakini bado ni joto la kuunguza.

Kabla ya kufikiria rangi, hakikisha joto lako ni la kawaida. Kabureta inayotoa mafuta machache kwa hewa nyingi, cheche ya plagi inayochelewa, au salensa iliyoziba kwa masizi huifanya ekzosi iwake moto kupita kiasi. Bomba likianza kugeuka rangi ya samawati au zambarau karibu na injini, mpelekee fundi. Kupaka rangi juu ya ugonjwa wa injini ni kuuficha tu.

Kauri ni nini hasa

Kauri twaijua sote kwa vikombe na sahani. Inayotumika kwenye mabomba mara nyingi ni zirkonia, ambayo ni oksaidi ya madini ya zirkoniamu. Sifa yake kubwa ni kwamba hupitisha joto polepole sana. Chuma cha kawaida hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko zirkonia. Tena haiyeyuki wala haiungui kwa joto la ekzosi.

Ufundi huu haukuanzia kwenye pikipiki. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Wamarekani walipaka zirkonia kwenye injini ya roketi ya ndege yao ya majaribio, X-15. Baadaye ukaingia kwenye injini za ndege za abiria, kisha magari ya mashindano, na mwisho ukafika kwa watu wa kawaida.

Aina tatu, bei tatu

Ya kwanza ni kauri halisi inayorushwa kwa mtambo wa plazma. Unga wa kauri huyeyushwa kwa joto kali mno na kurushwa kwenye chuma, ukaganda kama gamba. Unene wake huwa kama milimita 0.3. Kampuni ya Uingereza iitwayo Zircotec ni mojawapo ya zinazojulikana kwa kazi hii. Ndiyo bora kuliko zote, na ndiyo ghali kuliko zote.

Ya pili ni rangi yenye chembe za kauri, inayopulizwa kwa bunduki ya rangi. Mfano ni Cerakote ya Marekani, aina yao ya C, ambayo hukauka kwa hewa na kukomaa kabisa kwa siku 5. Ni nyembamba sana, kama milimita 0.025.

Ya tatu ni rangi ya kopo ya kuvumilia moto, kama VHT. Hii ndiyo rahisi kuipata, na ndiyo ambayo mafundi wengi huiita kauri. Huvumilia joto na kuzuia kutu, lakini usitarajie ipunguze joto kama ile ya plazma. Muuzaji akikwambia ni sawasawa, muulize unene wake.

Kumbuka pia kwamba joto haliondoki, lahamishwa tu. Bomba likipakwa vizuri, joto kubwa zaidi hubaki ndani ya moshi na kutokea nyuma. Kwa hivyo mwisho wa salensa utaendelea kuwa moto.

Hesabu ya mguu

Tufanye hesabu ya dukani. Tuseme bomba lako lina nyuzi 300, na kauri nzuri imepunguza theluthi nzima ya joto la juu. Zimebaki nyuzi 200. Ngozi ya binadamu ikigusana na chuma chenye nyuzi 70, huungua kwa muda wa kama sekunde moja. Ya mtoto na ya mzee ni nyembamba, huungua upesi zaidi.

Basi 300 au 200, mguu umeungua. Anayeuza rangi akikuahidi kwamba utaweza kushika ekzosi kwa mkono, usimpe pesa. Faida ya kauri utaiona kwingine: mvuke wa joto unaompiga mwendeshaji miguuni kwenye foleni hupungua, plastiki na nyaya zilizo karibu haziharibiki upesi, na bomba hudumu.

Kinga ya bati

Kinachozuia mguu kugusa moto ni kile kibati chenye matundu kilichokuja na pikipiki kutoka kiwandani. Siri yake ni hewa. Kati ya kibati na bomba kuna nafasi, na hewa iliyo katika nafasi hiyo hupitisha joto kidogo sana kuliko chuma. Ndiyo maana kibati chembamba chafanya kazi ambayo rangi haiwezi.

Masikitiko yangu ni kwamba pikipiki nyingi hazinacho tena. Skrubu zimeliwa na kutu, kibati kikaanza kupiga kelele, mwendeshaji akakitoa na kukitupa. Fundi wa jua kali aweza kutengeneza kingine kwa muda mfupi. Mwambie akiinue kama sentimita moja kutoka kwenye bomba, atumie vishikizo vichache, atie washa za kuzuia joto, na skrubu ziwe za stenlesi. Kifunike sehemu yote ambayo mguu wa abiria waweza kufika, na kingo zake zikunjwe zisikate nguo.

Ukitaka kupaka kauri, paka bomba kisha rudisha kinga juu yake. Vyote viwili pamoja vyafaa kuliko kimoja.

Ukiamua kupaka

Rangi hizi hushindwa kwa sababu ya maandalizi mabaya. Fuata hatua hizi:

1. Toa ekzosi yote kwenye pikipiki. Usipake ikiwa imefungwa.
2. Ondoa kutu, masizi na kromu. Rangi haishiki juu ya kromu inayong'aa. Kazi nzuri ni ya kupiga mchanga kwa kompresa. Usipoipata, tumia brashi ya waya na msasa hadi chuma kiwe kikavu na chenye mikwaruzo.
3. Ziba matundu na nyufa kwa kuchomelea sasa, kwani ukichomelea baadaye rangi itaungua.
4. Osha kwa thina kwa kitambaa safi. Baada ya hapo usiguse kwa mkono mtupu. Mafuta ya vidole hutosha kuibandua rangi.
5. Paka tabaka nyembamba mara kadhaa. Tabaka nene hupasuka.
6. Ikomaze kwa joto kama ilivyoandikwa kwenye kopo. VHT kwa mfano hutaka nyuzi 121, kisha 204, kisha 316, nusu saa kila hatua, na kupoa katikati. Usitumie oveni ya jikoni ambayo watu hupikia, maana moshi wa rangi ni sumu.

Kazi hii ifanyike mahali penye hewa, na mpakaji avae barakoa.

Chumvi ya Pwani

Sisi tulio karibu na bahari tuna adui wa ziada. Upepo wa chumvi hula ekzosi upesi, na kwa sababu hii pekee rangi ya moto yaweza kurudisha gharama yake. Osha pikipiki kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, lakini ngoja bomba lipoe. Maji baridi juu ya bomba lenye moto huweza kuipasua rangi.

Kuna wanaozungushia bomba kitambaa cha fibaglasi. Kitambaa hicho huzuia joto kweli, lakini hunyonya maji ya mvua na chumvi na kuyashikilia kwenye chuma. Hapa kwetu bomba litaoza chini yake bila wewe kuona.

Mtu akichomeka

Weka mguu chini ya maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta, yai wala barafu. Vua viatu na bangili kabla mguu haujavimba, funika kwa kitambaa safi, usitumbue malengelenge. Kidonda kikiwa kikubwa au kirefu, na kwa mtoto mdogo au mwenye sukari, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Abiria naye apande na kushuka upande wa kushoto, kwa kuwa ekzosi ya pikipiki zetu nyingi iko kulia. Mwenye buibui au leso aikusanye kabla ya kuketi. Na pikipiki ikiegeshwa mtaani, upande wa ekzosi uelekezwe ukutani hadi ipoe.

Nani alipe

Vijana wengi wanaoendesha si wenye pikipiki. Kila jioni hupeleka hesabu kwa tajiri, na kinachobaki ni cha unga. Si haki kumwambia kijana huyo anunue rangi ya kauri kutoka ng'ambo. Lakini kibati na skrubu nne ni deni la mwenye chombo, kama vile breki na taa. Nawaomba matajiri wakague ekzosi kabla ya kupokea hesabu ya wiki hii, na viongozi wa stendi wasiruhusu pikipiki isiyo na kinga kuingia foleni ya abiria. Rangi ya kauri aipake mwenye uwezo. Kibati kiwe cha kila pikipiki.