Gagnan, fundi aliyesahaulika wa rigeleta ya wazamiaji

Zaidi ya miaka 80 imepita tangu Émile Gagnan na Jacques Cousteau watoe rigeleta, kifaa cha kudhibiti hewa ya kupumua, iliyomwezesha mtu kuogelea chini ya maji akiwa amebeba hewa yake mgongoni. Cousteau anajulikana dunia nzima. Gagnan, mhandisi aliyeiunda, hatajwi hata na wengi wanaoitegemea kwa uhai wao, na hiyo ni dhuluma.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1860 Mfaransa Benoît Rouquayrol, mhandisi wa migodi, alipata hataza ya rigeleta ya kuwasaidia wachimbaji kwenye hewa chafu. Baadaye Auguste Denayrouze, ofisa wa jeshi la majini, alishirikiana naye kuipeleka chini ya maji, ila mitungi ya enzi hizo haikuhimili presha kubwa.

Desemba 1942 Paris ilikuwa mikononi mwa Wajerumani na petroli ilikuwa adimu. Gagnan, wa kampuni ya Air Liquide, alikuwa na vali ndogo ya kulishia injini za magari gesi badala ya petroli. Cousteau alipomweleza haja yake ya kupumua chini ya maji, alionyeshwa vali hiyo.

Waliigeuza iwe ya kupumulia, wakaenda kuijaribu katika mto Marne, kwenye baridi kali. Cousteau anasimulia katika The Silent World (1953) kwamba alipolala kifudifudi alipumua vizuri. Aliposimama wima, hewa ilimwagika ovyo. Alipogeuza kichwa chini, ikawa shida kuipata. Waliondoka wamevunjika moyo, kisha wakang'amua sababu: tundu la kutolea pumzi lilikuwa kama sentimita 15 mbali na pale hewa inapoingilia. Presha ya maji huongezeka kwa kina, na tofauti hiyo ndogo ilitosha kuvuruga kila kitu. Wakaviweka pamoja, tatizo likaisha.

Siri ya rigeleta hiyo ni kiwambo cha mpira, upande mmoja maji, upande wa pili hewa. Mzamiaji akivuta pumzi, kiwambo huingia ndani na kusukuma wenzo, vali hufunguka, na hewa humfikia ikiwa na presha sawa na ya maji yaliyomzunguka. Akiacha kuvuta, vali hujifunga. Pumzi ya mtu inaamuru mtungi mzima!

Gagnan alihamia Montreal mwaka 1947, akaendelea kubuni vifaa vya uzamiaji, akafariki mwaka 1984. Rigeleta nyingi za sasa zina bomba moja badala ya mawili, umbo ambalo Ted Eldred wa Melbourne alilileta sokoni mwaka 1952. Huyo naye ni nani anayemkumbuka?