Gofu Nairobi: Jinsi ya kuzuru uwanja wa kale na kujiandaa kwa masika

Kila ufikapo mwezi Machi, wachezaji gofu wa Ulaya na Marekani ya Kaskazini huanza kupangusa vumbi fimbo zao, kwa kuwa theluji imeyeyuka na majira ya kuchipua yamewadia. Jijini Nairobi mambo huwa kinyume. Hapa hakuna baridi ya kufunga viwanja, na mchezo huendelea miezi yote 12 ya mwaka. Lakini wakati wenzao wa kaskazini wanafungua msimu, wachezaji wa Nairobi huanza kutazama mawingu, maana mvua ya masika imekaribia.

Masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na kwa kawaida Aprili ndio mwezi wenye maji mengi zaidi. Mgeni anayetaka kuzuru viwanja vya kale vya jiji hili katika kipindi hicho hana budi kujua mambo matatu: anakanyaga ardhi gani, kanuni zinasemaje mvua inaponyesha, na ni nani anayepata hasara mchezo unapokatizwa.

Viwanja na asili yake

Klabu ya gofu iliyo kongwe kuliko zote nchini ni Royal Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1906. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Nairobi mwaka 1899, na mji wenyewe ulikuwa bado mchanga. Hadhi ya kutumia jina la kifalme ilitolewa na Mfalme George V wa Uingereza katika miaka ya 1930. Uwanja wake wa mashimo 18 uko kando ya barabara ya Ngong, magharibi mwa katikati ya jiji.

Anayesimama katika upande wa kusini wa uwanja huo huona mabati ya Kibera ng'ambo ya ua. Ujirani huo ni wa tangu zamani. Kibera ilianza kama makazi ya askari wa Kinubi waliotumikia jeshi la kikoloni la King's African Rifles, na jina lake latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Hivyo klabu na kijiji vimekua pamoja kwa zaidi ya karne moja, kimoja kikiwa na nafasi tele na kingine kikisongamana.

Karibu zaidi na katikati ya jiji, kando ya reli, kuna uwanja wa Klabu ya Gofu ya Reli, ambao ni ukumbusho wa jinsi shirika la reli lilivyoujenga mji huu. Ukiendelea magharibi kwa barabara ya Ngong utafika mtaa wa Karen, iliko Karen Country Club iliyoanzishwa mwaka 1937. Ardhi yake ilikuwa sehemu ya shamba la kahawa la mwandishi Karen Blixen kutoka Denmark, ambaye aliondoka nchini mwaka 1931 baada ya kilimo hicho kumshinda. Mashindano ya Kenya Open, yaliyoanza mwaka 1967, yaliandaliwa Karen mwaka 2019 yalipojiunga na msururu mkuu wa Ulaya, na tena mwaka 2021.

Katika enzi ya ukoloni, Mwafrika aliingia katika viwanja hivi kama mbeba mkoba, mkata nyasi au mhudumu, wala si kama mwanachama. Uhuru wa mwaka 1963 ulibadilisha hali hiyo hatua kwa hatua. Rais wa tatu wa Kenya, Mwai Kibaki, aliyetawala kati ya mwaka 2002 na 2013, alijulikana kwa mapenzi yake ya mchezo huu.

Nyasi na kimo cha ardhi

Nyasi inayotawala katika viwanja vingi vya Nairobi huitwa kikuyu, na asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Kutoka huku ilipelekwa Afrika Kusini, Australia na hata California. Wakati wa kiangazi huukalisha mpira vizuri juu ya majani. Masika yakianza, hukua kwa kasi na kuushika mpira chini, na fimbo inapopita huivuta na kuipinda. Mchezaji asiyeizoea achague fimbo fupi yenye uso uliolala, apige kwa mkono imara na akubali kupoteza mita chache badala ya pigo zima.

Jambo la pili ni kimo. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, na mpira unaokwenda mita 150 pwani huweza kufika 160 hapa. Hata hivyo, ardhi ikilowa mpira huanguka na kusimama papo hapo bila kubingirika, kwa hiyo faida ya kimo hupungua.

Kanuni za siku ya mvua

Kanuni za gofu zilirekebishwa mwaka 2019, na kadhaa zinahusu hali ya masika. Mpira uliozama katika alama uliyoichimba wenyewe ulipoanguka, nje ya mchanga na maeneo ya adhabu, huinuliwa bila adhabu, kisha hudondoshwa karibu na hapo kutoka kimo cha goti. Maji ya mvua yaliyotuama njiani nayo hayana adhabu: mchezaji huondoka hadi mahali pakavu palipo karibu zaidi, pasipo kulisogelea shimo.

Mchanga uliojaa maji una sharti lake. Ukitaka kuepuka maji bila adhabu, sharti ubaki ndani ya mchanga huohuo. Ukiutoa mpira nje, unaongezewa pigo moja. Ruhusa ya kuinua mpira njiani, kuupangusa na kuurudisha hutolewa na kamati ya siku hiyo peke yake. Uliza kabla ya kuanza.

Radi si jambo la mzaha. King'ora kirefu kikilia, mchezo husimama mara moja, na anayeendelea kupiga huweza kuondolewa mashindanoni. Hata bila king'ora, kanuni humruhusu mchezaji kusimama akiona dalili za radi. Usijifiche chini ya mti wala usiutegemee mwavuli. Nenda katika jengo au gari.

Maandalizi ya mgeni

Mvua ya Nairobi mara nyingi hunyesha alasiri au usiku. Jua huchomoza mwendo wa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na mashimo 18 huchukua saa nne na zaidi. Atakayeanza alfajiri huenda akamaliza kabla mawingu hayajakusanyika. Aidha, atakuwa ameepuka msongamano wa barabara ya Ngong, ambao huzidi matone yanapoanza.

Piga simu klabuni mapema ili kujua kama wageni wanapokewa siku hiyo, ada ya uwanja ni kiasi gani na kama uwanja umefungwa kwa sababu ya maji. Vaa shati lenye kola na suruali nadhifu isiyo ya jinzi. Beba taulo mbili, glavu za akiba, soksi za kubadilisha na koti jepesi la mvua. Fimbo zisizidi 14.

Anayebeba mkoba

Hatimaye kuna kedi, yule mbeba mkoba. Mara nyingi yeye ndiye anayejua maji hutuama wapi na grini ipi huteleza kuelekea bondeni. Wachezaji kadhaa wa kulipwa nchini walianza kwa kazi hiyo, wakijifunza kwa kutazama na kuokota mipira.

Lakini kedi hulipwa kwa mzunguko. Uwanja ukifungwa kwa wiki moja ya mvua, mwanachama hupoteza burudani, naye kedi hupoteza chakula cha watoto, ilhali nyumba yake huenda ndiyo inayoingia maji. Hivyo basi, patana naye malipo kabla ya kupiga mpira wa kwanza, na mkubaliane itakuwaje mvua ikikatiza mchezo katika shimo la saba au la tisa. Aliyebeba mkoba wako hadi hapo ametoa asubuhi yake nzima, na muungwana humlipa ujira kamili.

Uwanja wa kale husifiwa kwa miti na historia yake. Siku ya masika, sifa hiyo hutegemea pia jinsi mgeni alivyoagana na mtu aliyelowa pamoja naye.