Mwenge na Tochi

Katika miaka yangu ya kufundisha Kiingereza, neno lililonitoa jasho halikuwa refu wala gumu kutamka. Lilikuwa ‘torch’. Watoto wa Rwamgasa walilijua kabla sijafungua kitabu, kwa maana kwetu machimboni tochi ni chombo cha kazi kama jembe lilivyo kwa mkulima. Siku moja, mwaka 1986, kijana wa darasa la sita alinyosha mkono akauliza: “Mwalimu, mbona na Mwenge wa Uhuru kwa Kiingereza ni torch? Ule una moto, na hii haina.”

Nilimjibu kwa mkato kwamba neno moja laweza kubeba mizigo miwili. Jibu lile halikunitosha hata mimi mwenyewe.

Waingereza walilipata neno hilo kwa Wafaransa, nao asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kusokota. Mwenge wa kale ulikuwa kitu kilichosokotwa na kulowekwa katika nta au mafuta. Wazee wetu nao walifunga nyasi kavu, wakaziwasha, wakamulikia njia usiku na kufukuzia nyuki mzingani. Hawakufundishwa na mtu wa Ulaya. Giza ndilo lililowafundisha wote.

Mwaka 1899, huko New York, David Misell alipewa hataza ya taa ya mkononi yenye betri. Betri za siku zile zilikuwa dhaifu na mwanga wake haukudumu, ndiyo sababu Wamarekani wakaiita taa ya kumweka. Waingereza wao waliiita mwenge wa umeme, kisha neno ‘umeme’ likaachwa njiani. Sisi, tuliotawaliwa na Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, tukapokea ‘tochi’, ingawa vitabuni twaandika pia ‘kurunzi’. Lakini moto tuliuachia jina lake wenyewe, mwenge. Hapo, ndugu msomaji, Kiswahili kimekishinda Kiingereza kwa kupambanua.

Hata mwenge wetu wa taifa ulianza kwa jina jingine. Oktoba 1959, akihutubia Baraza la Kutunga Sheria kwa Kiingereza, Mwalimu Nyerere alitaja mshumaa, kwamba Watanganyika wangependa kuuwasha na kuuweka juu ya mlima Kilimanjaro. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipofika kileleni na bendera, mshumaa wa hotuba ulikuwa umekwisha kuwa mwenge. Mbio za Mwenge zikaanza mwaka 1964. Mara nyingi nimepanga watoto kando ya barabara kuupokea, wakaimba hadi sauti zikawakauka.

Neno lile lina matumizi mengine tena. Kwa Kiingereza, mtu aliyeichoma nyumba kwa makusudi husemwa ‘ameitorch’. Na anayeendelea kumpenda asiyempenda husemwa anabeba mwenge kwa ajili yake. Haya nilijifunza chuo cha ualimu na kuyaona ni mapambo ya lugha tu.

Yule kijana alimaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kwenda sekondari, akaingia kwenye maduara kama wenzake. Tochi aliifunga kichwani kwa ukanda uliokatwa katika mpira wa ndani wa baiskeli. Asubuhi moja alitangulia kushuka katika duara ambalo pampu ya petroli ilikuwa imekesha humo chini ikivuta maji. Walipotikisa kamba hakuitikia. Alipotolewa nilikuwapo. Alikuwa amekwisha kufa, na tochi kichwani mwake ilikuwa bado inawaka.

Picha ile haijanitoka. Mwenge hupumua hewa ile ile tuivutayo sisi, tochi haipumui. Kwa karne nyingi wachimbaji walishuka na moto, na moto ukififia walijua hewa imepungua, wakakimbia. Hata taa ya usalama aliyoibuni Humphry Davy mwaka 1815 kwa ajili ya migodi ya makaa ya mawe iliwaonya kwa mwali wake. Nami nilikuwa nimemfundisha kijana yule jaribio la mshumaa uliofunikwa kwa glasi hadi ukazimika. Aliandika vizuri daftarini. Sikusema neno hata moja kuhusu maduara, na yalikuwa karibu na dirisha la darasa.

Basi kwa miaka kadhaa nikawa nawaambia vijana: shukeni na mshumaa. Nilidhani nalipa deni. Baadaye, katika kusoma, nikagundua kwamba nimekosea mara ya pili. Moshi wa injini ya petroli una hewa iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Kiasi kidogo tu chake chatosha kuua mtu, na mshumaa waweza kuendelea kuwaka pale pale. Mwali huonya hewa njema ikipungua. Sumu ile hauionyi. Kijana wangu angeweza kufa mbele ya mshumaa unaowaka kama alivyokufa mbele ya tochi.

Nilizunguka maduarani nikawatafuta wale niliowashauri, nikakiri kosa langu. Haikuwa rahisi kwa mwalimu mkuu mwenye mvi. Niliwaambia: injini ibaki juu, mbali na mdomo wa duara, hewa safi ipulizwe chini kabla mtu hajashuka, na mwenzenu akinyamaza, msimfuate kabla ya kupuliza, maana wengi huangamia wakienda kuokoa. Wengine walicheka, wengine walisikia.

Tumezoea kusema elimu ni mwanga. Nami nasema hivyo bado. Ila sasa, mtu akiniambia ana mwanga, namwuliza kwanza ni wa aina gani, na unamwonyesha nini, na nini haumwonyeshi. Swali hilo nalidaiwa na mtoto wa darasa la sita, niliyemjibu kwa mkato.