Mchujo wa Wahandisi katika Vyuo vya Marekani

Elimu ya uhandisi nchini Marekani ilianza na vyuo vichache, vikiwemo chuo cha kijeshi cha West Point (1802) na kile cha Rensselaer mjini Troy (1824). Milango ilipanuka kwa Sheria ya Morrill, iliyotiwa saini na Rais Abraham Lincoln mwaka 1862. Kila jimbo liligawiwa ekari 30,000 za ardhi, nyingi zikiwa zimenyang'anywa wenyeji wa asili, kwa kila seneta na mbunge wake, ili mapato yake yagharimie vyuo vya kilimo na ufundi.

Vyuo vya majimbo vilidahili wengi, kisha vikawachuja humo humo ndani kwa kalkulasi, fizikia na kemia za mwaka wa kwanza. Kwa miongo mingi wingi wa walioanguka ulihesabiwa kuwa sifa ya chuo. Wanafunzi wapya waliambiwa wamtazame mwenzao wa kulia na wa kushoto, kwa kuwa kati ya watatu hao angehitimu mmoja tu. Fahari hiyo haikuwa na msingi, maana haikuuliza watu wanaangushwa na nini.

Jibu zuri lilipatikana katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, miaka ya 1970. Mwanahisabati Uri Treisman alitaka kujua kwa nini wanafunzi weusi waliofaulu vizuri sekondari walishindwa kalkulasi, ilhali wenzao wenye asili ya China wakifaulu. Wahadhiri walidhani ni maandalizi duni au kukosa ari. Treisman aliwafuata hadi walikosomea. Aliwakuta wanafunzi weusi wakijisomea peke yao, takriban saa 8 kwa wiki. Wale wa asili ya China walitumia takriban saa 14: walianza kila mtu kivyake, jioni wakakutana, wakala pamoja, wakasahihishana na kuulizana maswali ya mitihani ya zamani. Swali lililowashinda wote lilijulikana kuwa gumu kweli, wala hakuna aliyejiona mjinga. Treisman akaanzisha warsha za vikundi zenye maswali magumu kuliko ya darasani, na matokeo ya wanafunzi weusi yakapanda sana. Mhadhiri wa uhandisi Raymond Landis naye, katika chuo kikuu cha Northridge, California, alikuwa ameanzisha mwaka 1973 mpango wa kuwalea wanafunzi wa uhandisi kutoka jamii zilizobaguliwa.

Mwaka 1997 watafiti Elaine Seymour na Nancy Hewitt walionyesha kwamba walioacha sayansi na uhandisi hawakuwa dhaifu kuliko waliobaki. Pande zote mbili zililalamikia ufundishaji mbovu.

Wakati huo tayari sheria ya mwaka 1990 ilikwisha kuvitaka vyuo vitangaze asilimia ya wanaohitimu, kwa shahada ya miaka minne ndani ya miaka 6. Ulikuwa ushindi mkubwa kwa waombaji, ila takwimu hiyo ni ya chuo kizima. Aliyeacha uhandisi akahitimu biashara huhesabiwa kuwa amemaliza. Aliyehamia chuo kingine hahesabiwi hivyo, hata akihitimu uhandisi huko. Shirika la ithibati la ABET huzitaka programu zichapishe idadi ya wanaodahiliwa na wanaohitimu, lakini idadi hizo pekee hazimfuatilii mwanafunzi mmoja mmoja. Anayechagua chuo hana budi kukiuliza kitivo chenyewe: kati ya walioanza uhandisi mwaka wa kwanza, ni wangapi walikuwa bado humo mwaka wa tatu, na ni wangapi walivuka kalkulasi.